Kanga Isiyowahi Kulowa

Zuwena alinipigia simu nikiwa naanua nguo hapa nyumbani Chukwani, akaniambia kwamba shangazi yake, Bi Zuhura, amefariki alfajiri, na kwamba katika wasia wake alitaja watu wa kumuosha na mimi nimo. Nilimwambia huenda amekosea mtu. Tangu nilipotoka katika nyumba ile ya Mji Mkongwe nikiwa msichana sikuwahi kupanda tena ngazi zake, na Bi Zuhura mwenyewe tulikuwa tukikutana kwa nadra, sokoni au kwenye misiba ya watu wengine, tukaamkiana kwa adabu na kila mmoja akashika njia yake. "Kasema Mize," Zuwena akanijibu. "Mize wa Matemwe, aliyekuwa akikaanga wanga. Ni wewe au si wewe?" Nilibaki na simu sikioni na kanzu mbichi begani, maana ilikuwa miaka mingi hakuna mtu aliyenitambua kwa kazi ile.

Nikenda. Nyumba ilikuwa imechoka kama zilivyochoka nyingi mjini, chokaa inabanduka, boriti zimeegemezwa magogo, lakini ngazi zilikuwa zilezile na mguu wangu ulijua ipi imelegea. Chumbani walikuwa wameshafungua kasha lake. Mambo yake yote alikuwa ameyaweka tayari kwa mkono wake: sanda, kafuri, pamba, udi, na juu ya vyote kanga moja iliyokunjwa. Zuwena akaniambia kwamba hiyo ndiyo aliyoagiza afunikwe wakati wa kuoshwa, hiyo na si nyingine, na akaisifu, maana ilikuwa nzuri, nyekundu ya komamanga na manjano, na mpya kabisa. Nikaigusa. Ilikuwa ngumu, imekakamaa, ikilegea tu kwenye mikunjo, na nilipoinama nikasikia kwa mbali harufu ya muhogo uliokaangwa. Nilitaka kusema neno. Nilijua, na labda ni mimi tu niliyejua katika chumba kile, kwamba kanga hiyo haijawahi kulowa na itafanya nini ikimwagiwa maji. Lakini wasia ni wasia, na mimi nilikuwa mgeni mle ndani. Nikenda kusaidia kuchukua ndoo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliokaa kwa Bi Zuhura, nilipokuwa nimemaliza skuli na sina mbele wala nyuma. Namna nilivyofika pale haina haja. Ninachotaka kijulikane ni kitu kimoja: sikutaka kurudi Matemwe kwenye mwani. Nilikuwa nimeshaufunga kambani tangu nina umri wa kucheza, nimesimama majini maji yakinifika kiunoni, jua likinirudi usoni kutoka baharini, mgongo ukiniuma kama wa ajuza na vidole vimechanika kwa kamba na chumvi. Niliwaona mama zetu pale macho yao yamekuwa mekundu na hawasemi. Bi Zuhura alipokubali nikae kwake nimsaidie kazi niliona nimetoka majini kwa maisha, na mwaka mzima nilifanya kila kitu nikiwa na hofu hiyo moja, kwamba siku moja ataniambia nirudi.

Karakana yake ya kuchapia kanga ilikuwa chini ya nyumba, katika chumba kirefu kilichokuwa zamani ghala ya karafuu, na siku za mvua kuta zilikuwa bado zinanukia. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blangeti na juu yake mpira, fremu za kuchapia zimening'inizwa ukutani, na uani kulikuwa na pipa kubwa la mvuke wa kukazia rangi. Aliyekuwa akivuta rangi juu ya fremu ni Mwinyi, mwanamme wa makamo mwenye mabega ya mchukuzi na mdomo usiopumzika. Bi Zuhura hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa wa wale Waarabu wa mjini ambao mashamba yaliwatoka na kiburi kikabaki, anakaa wima hata juu ya kibao cha mbuzi, na ukimwita hukujibu "naam" tu, akangoja umalize. Chakula tulikula pamoja juu ya dari, pale paani palipo wazi, sinia moja kwa wanawake na Mwinyi akitengewa yake pembeni. Asubuhi chai ya mchaichai na mkate wa mofa, mchana wali na mchuzi wa papa ikiwa kulikuwa na papa, na siku nyingine zote muhogo. Mwinyi alikuwa akisema sisi tunavaa muhogo, tunakula muhogo, na siku ya kiyama tutafufuliwa na mizizi.

Maana kazi yote ilisimama juu ya muhogo. Rangi ya kuchapia huwezi kuimwaga juu ya nguo kama maji, itasambaa na ua litakuwa doa. Lazima uitie ndani ya uji utakaoishika mahali pake mpaka iingie kwenye pamba. Wanga mbichi unatoa uji, lakini uji mbaya, wenye madonge, unaoganda kama faluda ukipoa na kuziba fremu. Kwa hiyo wanga lazima ubadilishwe kwanza tabia yake. Tulikuwa tukiukuna muhogo, tunaukamua kwenye kitambaa, tunaacha maji yatuame mpaka wanga ukae chini mweupe, tunauanika juu ya dari. Halafu Bi Zuhura anaunyunyizia maji ya ndimu, kidogo tu, anautia kwenye karai juu ya moto wa makaa na kuukaanga bila kuacha kukoroga. Unaanza kunukia kama mahindi, kisha kama mkate, na rangi inatoka nyeupe kwenda ya chai ya maziwa. Kuna wakati mmoja tu wa kuipua. Ukiwahi, uji wake utakuwa mzito na mkaidi. Ukichelewa, unakuwa maji na hauna nguvu ya kushika kitu. Ukiupata wakati wake, ule unga unayeyuka wenyewe na uji unateremka kutoka kwenye mwiko kama asali, uzi mmoja usiokatika, na ua unalochapa linatoka na ncha zake zote.

Nilijifunza kwa pua kabla sijajifunza kwa macho. Bi Zuhura alikuwa akinisimamisha mbele ya karai, yeye nyuma yangu, na nikimtazama ananigeuza kichwa. "Usinitazame mimi, tazama wanga. Ukigeuka tu umeungua." Siku moja niliipua bila yeye kusema. Aliuchota, akausugua kati ya vidole, akautia majini na kuukoroga, akautazama ukiteremka. Kisha akakaa kwenye kibao akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Mkono wangu haunitii tena, Mize. Mwakani utakaanga peke yako, na chumba kile cha juu ntakupa. Ukae. Lakini mpaka nione kama pana karakana ya kukaa." Nilitoka pale nikenda uani nikajifanya naosha fremu ili nilie. Nasema wazi kwamba sijawahi kufurahi vile tena, si siku ya harusi yangu wala siku za kuzaliwa watoto wangu.

Alichomaanisha kilikuwa hiki. Rangi aliyoizoea, ya makopo, aliyoipokea kutoka kwa waliokuwa wakichapa kabla yake, ilikuwa imetoweka madukani. Ilibaki nyeusi kidogo tu chini ya kopo. Badala yake ikaja rangi mpya, kali, inayong'ara kiasi cha kuumiza macho, na aliyeileta kutoka Dar es Salaam alikuwa mtu mwenye subira, akakaa nasi juu ya dari akala muhogo na kutufahamisha. Alisema rangi hii haikai tu juu ya nguo, inashikana nayo mkono kwa mkono, ndiyo maana haitoki. Lakini inashika chochote cha jamaa ya pamba kinachokuwa karibu, na wanga ni jamaa yake. Ikikutana na wanga kwanza itashikana na wanga. Kwa hiyo inataka unga wake maalumu, nao ni wanga lakini umebadilishwa kiwandani, mikono yake imeshashughulishwa na kitu kingine, hivyo rangi inapita bila kuzuiliwa. Au, akasema, gundi ya mwani. Mimi nikashtuka kusikia mwani. Akacheka, akaniambia si huu wetu, ni mwani wa bahari za baridi.

Alituachia mfuko mmoja wa unga ule wa kiwandani tuujaribu, na tuliujaribu kwa haki. Rangi ilitoka vizuri mno. Lakini unga ule unataka nguo ioshwe baada ya mvuke, na ukishaiosha kanga inatoka laini. Mwinyi aliishika akaikunja kiganjani, akasema kanga hii inaonekana imeshazaa watoto watatu. Bi Zuhura akaichukua mwenyewe akenda nayo Darajani kuwaonyesha wenye maduka, na mimi nikamfuata na kikapu. Kila mwanamke aliyeigusa aliiweka chini. Hawakuitazama rangi. Walisugua pindo kwa kidole gumba, wakasema imefuliwa hii, nani atanunua kanga iliyofuliwa. Kwetu kanga mpya sharti isimame, ijulikane kwa sauti yake ukiitikisa, na ndiyo maana karakana yetu, kama nyingine nyingi, haikuwahi kuosha kitu. Wanga wetu uliokaangwa tulikuwa tukiuacha ndani ya nguo na wanunuzi wakiupenda. Tulirudi nayo kikapuni. Siku ya pili Bi Zuhura alichanganya rangi mpya na wanga wake mwenyewe, akachapa doti moja, akaitia mvukeni, akaianika. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya mfuko, na ilisimama kama ubao. Mwinyi alichovya ncha yake majini na maji yakageuka mekundu. "Inachuja," akasema. Bi Zuhura akamuuliza ni kanga mpya gani isiyochuja mara ya kwanza. Na ni kweli, kila mwanamke anajua kwamba kanga mpya unaifua peke yake. Sote tuliridhika, na hata leo nikiwaza sioni ni nani pale ambaye angesema jambo jingine.

Ndipo akaja Bi Shamsa, mama wa mjini mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, anayetaka sare za harusi ya binti yake, za wanawake wa pande zote mbili. Nilikuwa kwenye ngazi na sinia ya kahawa, nikasimama nisikatishe mazungumzo, nikasikia yote. Alisema anazitaka zikakamae, hataki kuzungukwa siku hiyo na watu waliovaa nguo zilizolala. Alisema pia kwamba wanawe wana maduka Maskati, na kama sare zitawapendeza wageni basi watataka kanga za Bi Zuhura na huko. Bi Zuhura akajibu "naam." Alipoondoka, Mwinyi akaja chini ya ngazi akauliza habari, nami nikamweleza, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akasema hizi zikitoka vizuri tunabaki, zisipotoka vizuri tunafunga mlango.

Zilitoka vizuri. Sitaki kudanganya kwa kuwa najua mwisho wake. Zilitoka vizuri na tulikuwa na furaha. Mji wa kanga ulikuwa mwekundu wa komamanga, maua ya mkadi ya manjano kwenye pindo, na jina la kanga tuliloagizwa, FURAHA YETU SOTE, tulilichapa kwa ile nyeusi ya zamani iliyobaki koponi, maana Bi Zuhura hakuiamini nyeusi mpya. Nilikaanga wanga wote mimi. Alikuwa akinusa tu kutoka kwenye kibao chake, na safari zote alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo sifa. Nilihamisha mkeka wangu na nguo zangu chumba cha juu, chenye dirisha la kuelekea kwenye mabati ya majirani, na nikaanza kufikiri nitatundika nini ukutani.

Harusini tulialikwa, mimi na Bi Zuhura, na tulikaa nyuma kama inavyowapasa watu wa kazi. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa wanawake waliovaa kanga zetu, na walipokuwa wakipita ulisikia zinalia, sauti ile kavu ya nguo mpya. Bi Zuhura alinifinya mkono. Halafu wakaanza kupita na udi na mirashi, vile vyombo vya kunyunyizia, kama ilivyo ada, wakiwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu alinyunyiziwa kifuani, na kwenye ngozi yake pakatoka mchirizi mwekundu. Jirani yake alidhani ni damu, akamshika. Naye akatoka na mikono myekundu. Tukaona kwa mwingine, na mwingine, na walipoinuka kucheza jasho likamaliza lililobaki. Shingo, mikono, mikeka, vyote vikapakaa. Shangazi mmoja alikuwa ameshamkumbatia biharusi kabla hajajiona. Gauni lile jeupe likabaki na alama ya mikono miwili mgongoni, wazi kabisa, na biharusi mwenyewe alikuwa haijui, akiwa bado ameinamisha macho kama alivyofundwa. Ngoma ilinyamaza yenyewe. Kwenye kanga zote maua yalikuwa yameteremka na kuchanganyika, na jina pekee ndilo lililokuwa halikutikisika, jeusi na safi. Bi Shamsa akaja mpaka tulipokaa. Hakupandisha sauti. "Zuhura," akasema, "mwanangu ataolewa mara ngapi?"

Bi Zuhura akasema "naam," kama mtu aliyeitwa. Tukatoka kupitia jikoni.

Siku zilizofuata kanga zilirejea. Hakuna aliyekuja kugombana. Walikuwa wakizifua na kuziacha barazani kwetu zimekunjwa, nyeupe, zimebaki na maandishi tu, na kila tukifungua mlango tunazikuta. Mtaani tukawa mazungumzo, na nikenda dukani watoto wa kike wananiuliza furaha yetu sote iko wapi. Bi Zuhura alichukua doti moja kati ya zile zilizosalia karakanani bila kufuliwa, akaitia kwenye beseni uani akakaa mbele yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliisugua polepole, na kila wanga ulipolainika na kutoka, rangi ikatoka nao, yote, hata pamba chini yake ikawa haina alama. Aliuchota ule utelezi mwekundu kwenye kiganja akaunusa. "Yule bwana alisema kweli," akaniambia. "Haikuigusa hata nguo. Imeshikana na wanga wetu." Nikamwambia tutafute ule unga wa kiwandani, tuwazoeze watu kanga laini. Nilisema haraka haraka, nikilia, maneno mengi ya kitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho kama kawaida yake. "Rudi kwenu, Mize," akasema. "Hapa hapana tena kitu cha kumpa mtu."

Nikarudi. Mwinyi alikwenda Nungwi kupaka rangi mahoteli, na nikasikia baadaye kwamba amefia huko. Karakana ikapangishwa mwenye kuuza vinyago. Mimi niliingia majini Matemwe siku ile ile niliyofika, maana maji yalikuwa yamekupwa na mama zetu walikuwa wanashuka, na nilifunga mwani mpaka nilipoolewa na baada ya kuolewa. Niliwahi kumuuliza mnunuzi kama mwani huu unakwenda kuchapia nguo. Akanambia unakwenda kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Sikumchukia Bi Zuhura hata siku moja, na hilo ndilo linalonichosha, kwamba sina wa kumchukia. Watu husema kwamba ujuzi haupotei. Wangu umepotea nikiwa nao. Mpaka leo nikipita karibu na mtu anayekaanga karanga pua yangu inangojea ule wakati mmoja, na ukifika mkono wangu unainuka kuipua, na hakuna karai wala aliyenituma. Nimeishi na mkono huo umri wangu wote, na sijapata mtu wa kumweleza, isipokuwa huyo niliyeitwa kumuosha.

Tulimlaza kwenye kitanda cha kuoshea, tukamfunika kwa kanga yake, na ilisimama juu yake kama hema, haikugusa mwili, kwa ugumu wake. Muoshaji, mama mtu mzima wa mtaani, akasoma nia na kuanza kumwaga maji ya uvuguvugu. Kwanza nguo ililegea, ikamshukia taratibu, mabega, kifua, magoti. Kisha maji yaliyotoka chini yakawa mekundu. Muoshaji akasita na kata mkononi, akauliza kama marehemu ana jeraha. "Hana jeraha," nikamwambia. "Ni rangi. Mwagia, mama, itakwisha." Zuwena alinitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama shangazi yake alijua kwamba inachuja.

"Alijua," nikasema. "Ndiyo maana kaniita."

Tukamwaga, na kumwaga, mpaka maji yakawa yanatoka meupe. Manjano yalikwisha kwanza, kisha wekundu, na mwisho ilibaki kanga nyeupe iliyomganda mwilini, na juu yake, palepale tulipoyachapa, FURAHA YETU SOTE, yale maandishi ya rangi yake ya zamani, hayakupoteza hata ncha. Kwa maji yale ya moto harufu ya wanga ilipanda ikajaa chumba, ikashinda udi na kafuri. Niliijua kwa pua. Wanga wangu ulikuwa umeipuliwa wakati wake hasa. Wenzangu wakaulizana ni nini kinachonukia kama mkate, nami nikaendelea kumwaga.